NANI ASEMAYE KWAMBA MZEE ANACHELEWESHA GARI?

Ndugu wanachama, na ninyi wafanyakazi wote wa barabarani,

Liko neno linalosemwa siku hizi katika stendi ya Kitale, na Endebess, na Suam mpakani, na hata upande wa Bungoma, Chwele na Kimilili. Wenye magari hulisema, makanga hulirudia, na abiria nao wamelidaka. Neno lenyewe ni hili: "Mzee anachelewesha gari." Likisemwa mara tatu juu ya dereva mmoja, mara ya nne gari hupewa kijana, na mzee huambiwa akae kibandani anywe chai, angoje kupigiwa simu. Simu hiyo hulia siku kijana amekamatwa na polisi, au siku amelazwa hospitali.

Twataka kulijibu neno hilo. Tena twataka kulijibu kwa hesabu, kwa kuwa wale walisemao ni watu wapendao hesabu kuliko kitu chochote.

Kwanza tukubali lililo kweli. Dereva wa miaka 60 huenda polepole kuliko dereva wa miaka 25. Hakuna haja ya kubishana juu ya hilo. Kila aliyepanda gari la mzee kutoka Kitale kwenda Suam amekwisha kuona. Ubishi wetu ni juu ya mambo mawili mengine: kwa nini anakwenda hivyo, na ni nani anayepaswa kulipa gharama ya mwendo huo. Tajiri asema sababu ni uvivu na uchovu, na gharama ailipe mzee mwenyewe kwa kupoteza kazi. Sisi twasema tajiri amekosa katika yote mawili.

Tuanze na macho. Jicho la mtu lina mboni, tundu dogo lipitishalo mwanga. Wakati wa ujana tundu hilo hufunguka sana gizani. Wakati wa uzee halifunguki tena namna ile. Nyuma yake iko lenzi, nayo kwa miaka mingi huwa ngumu na kugeuka rangi kama chai hafifu. Wataalamu wa macho wamepima, wakaona kwamba ndani ya jicho la mtu wa miaka 60 hufika yapata theluthi moja tu ya mwanga ufikao ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Yaani usiku ni ule ule, barabara ni ile ile, taa za gari ni zile zile, lakini mzee yuko katika giza ambalo kijana halijui. Tena akimulikwa na lori litokalo mbele bila kupunguza taa, jicho lake hukawia kurudi katika hali yake.

Sasa twauliza: mtu aonaye kidogo afanye nini? Aongeze mafuta? Mzee hufanya jambo la pekee lenye akili: hupunguza mwendo mpaka umbali anaouona utoshe kusimamisha gari. Wazee wengi hufanya zaidi ya hapo. Bila ya kuambiwa na mtu, hukataa safari za usiku na safari za mvua kubwa. Huyo si mvivu. Huyo amejipima mwenyewe akajiwekea sheria kali kuliko ile ya Serikali.

Jambo la pili ni mguu. Tangu jicho lione mpaka mguu ukanyage breki kuna muda unapita. Kwa kijana mwepesi aliye macho, tuseme ni sekunde moja. Kwa mzee, tuseme ni sekunde moja na nusu. Hapo ndipo wenye magari hupiga makofi na kusema, "Mmeona! Mzee ni mzito, ni hatari!" Polepole, mabwana. Tupige hesabu pamoja.

Mzee anakwenda kilomita 60 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hula karibu meta 17 kila sekunde. Katika sekunde yake moja na nusu gari limekwenda meta 25 kabla breki haijaguswa. Kijana naye amechezea gavana yake, anakwenda 90. Gari lake hula meta 25 kila sekunde. Katika sekunde yake moja limekwenda meta 25. Ni sawasawa! Wepesi wote wa ujana umekwisha kuliwa na mwendo. Hapo hata breki hazijaanza kufanya kazi.

Sasa breki. Lami ikiwa kavu na breki nzima, gari la mzee litahitaji karibu meta 20 zaidi kusimama. La kijana litahitaji karibu 45, kwa kuwa nguvu ya gari haiongezeki kwa kadiri ya mwendo tu, bali kwa mwendo mara mwendo. Jumla: mzee amesimama katika meta 45, kijana katika 70. Haya tuseme mtoto wa shule ameingia barabarani meta 50 mbele ya gari, pale Endebess sokoni. Mzee amesimama, zimebaki meta 5, anamgombeza mtoto kwa sauti kubwa. Na kijana? Kijana afikapo pale mtoto alipo, huku breki zinalia, bado anakwenda karibu kilomita 60 kwa saa. Soma tena hapo, ndugu. Mwendo uliobaki kwa kijana baada ya kukanyaga breki kwa nguvu zake zote ndio mwendo mzima ambao mzee alikuwa akienda nao tangu mwanzo, ule ule anaotukanwa nao stendi.

Na hesabu hii ni ya gari jema. Matatu iliyojaa, au Probox iliyobeba watu kumi na gunia la viazi juu, yahitaji meta nyingi kuliko hizo. Mvua ikinyesha ni nyingi zaidi.

Basi uzito wa mguu wa mzee ni jambo la kweli, lakini yeye amekwisha kuulipia kwa mwendo wake. Wepesi wa kijana nao ni wa kweli, lakini ameutumia kununua haraka, wala hakununua usalama. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hutuambia kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza katika kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilo hilo limekadiria kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali za kuua huongezeka kwa asilimia 4. Na hapa kwetu Kenya, kila mwaka tangu 2021, halmashauri ya usalama barabarani, yaani NTSA, imehesabu watu zaidi ya 4,000 waliokufa njiani.

Liko jambo la tatu ambalo halipimwi hospitali. Ni kuzoea njia. Barabara ya Kitale, Endebess hadi Suam, yapata kilomita 45, imetiwa lami katika miaka hii ya karibuni kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na ng'ambo ya mto yaendelea katika Uganda mpaka Kapchorwa, kilomita 73 nyingine. Ni kazi njema, hatuilaumu. Lakini mzee aliijua njia hii kabla ya lami. Aliijua kwa matope ya mwezi wa nne na kwa vumbi la mwezi wa kwanza. Ajua ukungu wa Mlima Elgon hushukia wapi asubuhi. Ajua kwamba kuanzia mwezi wa kumi, mahindi yakivunwa Trans Nzoia, trekta hutoka mashambani jioni likivuta trela lisilo na taa hata moja, nalo huingia barabarani kama nyumba imehama. Ajua penye ng'ombe, penye shule, penye boda boda wanaokata kona bila kuangalia nyuma. Kijana aona lami nyeusi iliyonyooka. Mzee aona kila kitu kilichowahi kutokea juu yake. Si ajabu kwamba mguu wake hauendi chini.

Lami mpya, kwa hakika, ndiyo iliyoleta maneno haya yote. Zamani mashimo yalikuwa gavana ya kila mtu, mzee na kijana walifika pamoja. Sasa mashimo yameondoka, na kila mtu ameachiwa akili yake.

MWENYE KOSA SI KIJANA

Ndugu vijana, msikasirike. Hatuandiki haya kuwatukana. Ninyi ni wanachama wenzetu, na baadhi yenu mnaendesha vizuri kuliko wazee wengine tunaowajua. Ni kweli wenye elimu ya ubongo wanasema kwamba sehemu ya kichwa ipimayo hatari hukomaa baadaye, katika miaka ya ishirini na kitu. Lakini kichwa hicho hicho cha kijana kikipewa mshahara wa mwezi na ratiba ya kweli, hutulia. Tulioendesha miaka mingi tumeliona hilo kwa macho yetu. Kinachomkimbiza kijana si umri peke yake. Ni hesabu.

Kila mtu wa matatu ajua hesabu ni nini, lakini tuieleze kwa ajili ya wenzetu wa mashamba na viwanda. Mwenye gari hamlipi dereva. Dereva ndiye anayemlipa mwenye gari! Kila jioni dereva humpelekea fedha aliyoikata yeye tajiri, iwe mvua, iwe jua, iwe siku ya soko au siku ya msiba. Dereva hujaza mafuta kwanza, hutoa na ya wale wanaotaka chao njiani, na kinachobaki, kama kimebaki, ndicho anachogawana na kondakta. Chukua mfano: hesabu ni shilingi 4,000, mafuta 3,500. Gari lisipoingiza zaidi ya 7,500, watu wawili wamefanya kazi kutoka alfajiri mpaka usiku bila kupata hata sumni. Hapo ndipo mwendo unapozaliwa.

Basi tuhesabu tena, safari hii kwa haki ya tajiri. Kitale hadi Suam kwa kilomita 80, ambayo ndiyo sheria ya gari la abiria, ni dakika 34. Kwa kilomita 60 ni dakika 45. Tofauti ni dakika 11. Abiria ambaye angoja gari lijae kwa saa nzima stendi hana haki ya kulalamika juu ya dakika 11 njiani. Lakini safari sita kwa siku, kwenda na kurudi mara tatu, ni dakika 66. Hiyo ni saa moja na kitu. Ni safari moja zaidi. Hatufichi: dereva wa polepole huileta safari hiyo pungufu. Akiwa juu ya hesabu, pungufu hiyo yatoka katika unga wa watoto wake.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Umri wa dereva humpunguzia mwendo. Hilo ni jambo la maumbile, tena ni jema kwa kila aliye barabarani. Abiria ananufaika, mtoto wa shule wa Endebess ananufaika, tajiri mwenyewe ananufaika maana gari lake linakaa miaka mingi. Lakini anayelipa gharama ni mmoja tu, naye ni mzee. Kisha wanamwita mvivu.

Twasema tajiri ananufaika, naye atabisha. Asikilize. Upepo unaolizuia gari nao huongezeka kwa mwendo mara mwendo. Kutoka 60 mpaka 90, upepo huo umekuwa mara mbili na robo, na unasukumwa kwa mafuta. Ongeza matairi, ongeza breki, ongeza springi zilizopasuka kwenye matuta ambayo kijana hakuyaona. Waulize mafundi wa Kitale ni magari ya nani yanayolala gereji. Hatutaandika majina hapa; wenyewe wanajijua.

Wala hatutasema ile methali ya haraka na baraka. Imeandikwa nyuma ya nusu ya magari ya nchi hii na bado yanapinduka.

SHERIA IPO, INALALA

Kuna watu wanaodhani kwamba hesabu ni mila kama tohara, kwamba haiwezi kubadilishwa. Si kweli. Matatu zilianza kwa nauli ya senti thelathini, yaani mapeni matatu, ndiyo jina lao, na mwaka 1973 Rais Kenyatta aliziruhusu zichukue abiria bila ya ile leseni waliyotakiwa wenye mabasi. Zilikua hivyo, bila mkataba na bila mshahara. Lakini wakati uo huo mabasi ya Kenya Bus Services, iliyoanza Nairobi mwaka 1934, yalikuwa yakiendeshwa na watu wa yunifomu waliolipwa kwa mwezi. Dereva wa basi hakuwa na sababu ya kumpita mwenzake, kwa kuwa abiria aliyeachwa hakumpunguzia mshahara. Basi twaona kwamba njia nyingine ilikuwako katika nchi hii hii.

Mwaka 2003 Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, alitoa kanuni zilizoanza kushikwa Februari 2004. Watu wengi wanakumbuka mikanda, mstari wa manjano na gavana ya kilomita 80. Wachache wanakumbuka kwamba kanuni zile zilitaka pia dereva na kondakta waajiriwe kazi ya kudumu na kulipwa kwa mwezi. Gavana ilinunuliwa, kisha ikachezewa. Mstari wa manjano ulipakwa. Mshahara wa mwezi, ambao ulikuwa ndio dawa yenyewe, uliachwa karatasini. Kanuni za mwaka 2014, zilizowaweka wenye magari katika sacco na makampuni, zilirudia takwa hilo hilo. Hata hivi leo, ndugu, ni wangapi kati yenu katika njia ya Suam walio na barua ya kazi? Inueni mikono. Tunawahesabu kwa vidole, na vidole vinabaki.

Tena Sheria ya Trafiki, tangu ilipogeuzwa mwaka 2012, inakataza dereva wa gari la abiria au la mizigo kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Saa nane! Msomaji asicheke kwa sauti, mwenye gari asije akasikia. Dereva wa hesabu huendesha kumi na nne. Na uchovu humfanya kijana wa miaka 25 kuwa mzito wa mguu kuliko babu yake aliyelala vizuri. Ila babu yake anajua kwamba ni mzito, na kijana hajui.

Tumekwisha kuona mwisho wake. Tarehe 10 Oktoba 2018, karibu na Fort Ternan, basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Kakamega usiku lilianguka na kuua watu zaidi ya 50. Tarehe 30 Juni 2023, pale njia panda ya Londiani, lori liliacha njia likaingia katika matatu na katika wachuuzi waliokuwa wakiuza bidhaa zao kando ya barabara. Nao waliokufa walizidi 50. Hatusemi madereva wale walikuwa wa umri gani. Twasema kwamba baada ya kila ajali wakubwa huja, hutoa pole, huagiza misako ya wiki mbili, na hakuna hata mmoja auulizaye mlango wa kwanza: dereva huyu alilipwaje, na alikuwa amelala lini?

Wako wanaosema, "Huyo mzee wa miaka 63 afanya nini bado katika usukani? Apumzike." Kwa moyo mweupe kabisa tungependa apumzike. Lakini apumzike kwa nini, kwa upepo? Kwa miaka thelathini na mitano hakuna tajiri hata mmoja aliyempelekea NSSF. Kila mmoja alimwita kibarua wa siku, akamlipa kwa siku, akamwacha kwa siku. Mtumishi wa ofisi akifika miaka 60 huandaliwa chai na keki. Dereva akifika miaka 60 huambiwa anachelewesha gari.

Hapo pia sheria ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi kwa siku za mfululizo zinazofikia jumla ya mwezi mmoja au zaidi, hahesabiwi tena kuwa kibarua. Ana haki za mtu wa mwezi. Maana yake ni kwamba wengi wenu mnaoitwa "skwodi" ni waajiriwa kamili machoni pa sheria, ila hamjui, na mwenye gari hana haraka ya kuwaambia. Kifungu cha 35 kinampa malipo ya utumishi yule aliyeachishwa ambaye hakuwa katika NSSF. Na Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 27, inapotaja mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo, umri umetajwa humo kwa jina lake. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu anaonekana mzee si busara ya biashara. Ni ubaguzi, na mahakama ya kazi ipo kuusikiliza.

Zipo hoja mbili za upande wa pili zinazostahili kujibiwa kwa heshima.

Ya kwanza: ati gari la polepole ndilo linaloleta ajali, kwa kuwa wengine hulipita vibaya. Kuna kweli kidogo hapa. Mzee anayekwenda kilomita 30 juu ya lami nzuri, mchana kweupe, na nyuma yake umekusanyika msafara wa magari kumi, anafanya vibaya. Aingie kushoto penye nafasi, awaachie wapite, kisha aendelee. Hilo twawaambia wazee wetu bila kuficha, na wale wa njia ya Webuye, kati ya Kiminini na Kamukuywa, walisikie zaidi maana malori pale ni mengi. Lakini kilomita 60 ndani ya ruhusa ya 80 si kuziba njia. Anayepita juu ya mlima, mahali asipoona mbele, amejichagulia mwenyewe. Hatujapata kusikia kwamba mwizi alisamehewa kwa sababu mwenye nyumba alikuwa mpole.

Ya pili ni nzito zaidi: je, mzee ambaye macho yamekwisha kabisa? Je, yule asiyeweza tena kugeuza shingo kutazama njia panda, au ambaye husahau gia? Huyo asiendeshe abiria. Twasema hivyo waziwazi, wala chama si kazi yake kumtetea mtu awaue watu. Kwenda polepole hakumwokoi asiyeona. Lakini ajulikane kwa kipimo cha daktari, si kwa makofi ya makanga. Macho yapimwe, ya mzee na ya kijana pia, kwa maana tumewaona vijana wasiosoma kibao cha meta 20 ambao hakuna aliyewashuku kwa sababu wanakwenda mbio. Na ada ya daktari ailipe mwenye gari, kwa kuwa macho hayo yanamfanyia kazi yeye. Mara nyingi itaonekana ni miwani tu, au ni mtoto wa jicho, ugonjwa ambao hospitali huuondoa kwa kisu na mtu akarudi kuona. Dereva aliyeachishwa kwa mtoto wa jicho asiyejulikana amepotezewa kazi bure.

Na yule ambaye daktari amesema usiku basi, apewe safari za mchana. Kwa nini hili lionekane gumu? Gari lipo asubuhi, gari lipo jioni. Mzee aondoke Suam saa kumi na mbili asubuhi na wanawake wa soko, ambao wenyewe humngojea kwa sababu mayai yao hayavunjiki. Kijana achukue zamu ya mchana mpaka magharibi. Watu wawili, zamu mbili, kila mmoja chini ya saa nane, kama sheria isemavyo. Tajiri atasema hawezi kulipa watu wawili. Lakini leo anawatumia watu wawili tayari: mmoja anaendesha saa kumi na nne, na mwingine amekaa kibandani anangoja simu. Tofauti ni kwamba mmoja amechoka na mwingine ana njaa.

Wazee wa kazi hii hawakungoja kupewa. Oktoba 1949 madereva wa Nairobi, katika chama cha uchukuzi alichokiongoza Fred Kubai, waligoma kwa sababu ya sheria ndogo za teksi walizowekewa na baraza la mji bila kuulizwa. Hawakuwa na simu za mkononi wala sacco. Walikuwa na kadi za chama na umoja.

Sisi kwa sasa hatuiti mgomo. Tunaita karatasi. Kila mwanachama wa njia za Suam, Endebess, Kwanza, Kapsokwony na Lwakhakha aandike katika daftari jina la gari, siku alizofanya kazi, saa alizoanza na kumaliza, na hesabu aliyopeleka. Aandike kila jioni, hata kama mkono umechoka. Mwezi mmoja ukipita, daftari hilo ni ushahidi wa kifungu cha 37, na mwenye gari hataweza kumwambia afisa wa kazi kwamba hamjui. Wazee wasiopenda kuandika waandikiwe na makondakta wao. Kondakta anayemzomea mzee wake stendi akumbuke kwamba naye hana barua ya kazi, tena miaka yake inakwenda kwa mwendo ule ule.

Madaftari yaletwe kwa katibu wa tawi, Kitale, kabla ya mwisho wa mwezi. Aliyeachishwa tayari kwa neno "mzee anachelewesha gari" aje na tarehe aliyoachishwa na jina la aliyemwambia. Asije na fedha. Kazi ya kuandika madai haya hailipiwi.

Ni mimi,
Dereva wa Njia ya Mlimani